Kuhamia tembe ya zamani kijijini Dodoma, hatua kwa hatua

Tangu nihamie kwenye tembe upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Paa la udongo halivuji? Nyoka je? Maji unatoa wapi? Nipige lipu ya saruji? Mtu wa sita aliponiuliza habari ya saruji nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Haya yanamhusu mtu aliyekwisha kupata tembe inayosimama, iwe amepanga, amenunua au ameachiwa na babu, na sasa anataka kulala humo. Kujenga tembe mpya ni kazi nyingine, sitaigusa.

Kwa ambaye amezipita tu kwenye basi: tembe ni nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo na kuta za miti iliyokandikwa, vyumba vyake vimezunguka ua ambamo mifugo ililala. Wanyaturu na Warangi nao wana za kwao. Jambo moja la kulijua mapema ni kwamba paa halibebwi na ukuta. Linabebwa na nguzo zenye panda (kichwa kilichogawanyika mara mbili), na juu ya panda hizo imelazwa miamba, yaani magogo marefu ya kulala, kisha fito, kisha matawi na nyasi, kisha udongo. Ukuta ukibomoka kipande, nyumba bado imesimama. Nguzo ikioza, hapo una matatizo.

Na nina sharti moja linalotangulia hatua zote: mwaka wa kwanza rekebisha, usiboreshe. Nyumba hiyo imepigwa na jua, upepo na mvua kabla yako, na kila kitu utakachokiona cha ajabu (dirisha dogo kama la kuku, mlango mfupi, mteremko usioeleweka) kimewekwa kwa sababu. Ngoja masika moja na kiangazi kimoja vipite ndipo uanze kubomoa.

Kabla ya kuanza

Hamia Juni au Julai. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na ikinyesha hunyesha kwa hasira. Makorongo yakishuka, kirikuu chako, kile kigari cha mizigo, kitalala ng'ambo na godoro lako. Ukihamia Juni unapata miezi mitano ya kukarabati kabla ya tone la kwanza. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, beba blanketi zito. Watu wa Dar hawaniamini mpaka usiku wa kwanza.

Andaa hivi:

- bisibisi ndefu, kwa kukagulia miti
- jembe, sururu, koleo, toroli, ndoo nne, panga
- ngazi imara, si ya kuazima
- nguzo mbili au tatu za akiba zenye panda, ndefu kuliko kimo cha chumba chako kilichoinuka zaidi
- chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, na vitanda vyenye miguu mirefu
- raba buti, glavu ngumu, tochi ya kuvaa kichwani
- simtanki la lita 1,000 na madumu ya lita 20
- chokaa mifuko miwili
- futi kamba

Futi kamba ndiyo watu huisahau. Pima mlango kabla hujapakia chochote. Mlango wangu una urefu wa mita moja na nusu na upana wa kupita mtu na ndoo. Nilikuja na sofa la kona, nikiwa nimelipia Fuso na vijana wanne wa kupakua. Sofa lililala uani wiki tatu, kuku wa jirani wakatagia humo mayai kumi na moja, mwishowe nikaliuza kwa mwalimu mwenye nyumba ya bati. Kama kitu hakikunjuki wala hakifunguki vipande, kiache mjini.

Hatua ya 1: Jitambulishe kabla mzigo haujafika

Beba barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa unakotoka. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, yeye akupeleke kwa mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi. Ukimwendea mtendaji moja kwa moja, mwenyekiti atapata habari kwa watu, na hutajua kwa nini kila jambo lako linachelewa.

Kama umenunua, karatasi mliyosainiana mezani na muuzaji haitoshi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini yake. Ombi lako lipelekwe kwenye kikao na liandikwe kwenye muhtasari, kisha ufuatilie hati ya haki miliki ya kimila. Shahidi awemo pia mtoto au ndugu wa muuzaji. Wajomba wanaotokea baada ya mauzo ni wengi kuliko wanaotokea kabla.

Kisha zunguka nyumba za jirani. Ukikuta mtu mmoja sema "Mbukwa", ukikuta wengi sema "Mbukwenyi", hata kama Cigogo chako kinaishia hapo. Beba sukari na majani ya chai. Waulize wazee nani alijenga nyumba yako, na upande gani ulikuwa unavuja. Bibi wa jirani yangu, kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda, aliniambia: "Mjukuu wangu, kile chumba cha mwisho usilaze mtoto. Mvua ikitoka mashariki kinalia." Nikacheka. Januari nikaamka na godoro limelowa.

Hatua ya 2: Kagua nguzo moja moja

Fanya hivi nyumba ikiwa tupu.

a) Chimba kidogo kwenye shina la kila nguzo, kama kiganja kimoja kwenda chini. Mchwa na uozo huanzia pale udongo unapokutana na mti.

b) Choma kwa bisibisi. Ikiingia kwa shida, sawa. Ikizama kama kwenye kiazi cha kuchemsha, nguzo hiyo ni ganda tu.

c) Gonga kwa nyuma ya panga kuanzia chini hadi kwenye panda. Mti mzima unalia kavu, uliotafunwa unalia kama debe.

d) Tafuta njia za udongo za mchwa zinazopanda juu ya nguzo au ukutani. Zikwangue zote, weka alama ya chokaa, urudi baada ya siku tatu. Zikiwa zimejengwa upya, mchwa wako hai hapo.

e) Nguzo mbovu usiing'oe. Kwanza simamisha nguzo ya akiba pembeni yake, panda ikabe mwamba vizuri, ipigie kabari chini mpaka uone ile ya zamani imelegea. Kisha ndipo uikate. Ukianza kwa kung'oa unacheza na tani za udongo zilizo juu ya kichwa chako.

Sitanii ninaposema tani. Mita ya ujazo ya udongo mkavu ni kama kilo 1,500. Paa lenye udongo wa sentimita 20 lina kilo 300 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 3 kimebeba zaidi ya tani tatu na nusu, sawa na mzigo wa Canter. Huo ni mkavu. Ukilowa unaongezeka. Halafu Dodoma iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, na tetemeko dogo si jambo geni huku.

Nguzo za mpingo zilizomo kwenye tembe nyingi za zamani, usizitupe hata zikionekana mbaya kwa nje. Kwangua ganda uone moyo wake. Mara nyingi ni mzima kabisa. Kuzitia oili chafu mashinani ni desturi ya wengi, nami nimefanya kwa nguzo za nje. Usiipake ndani unakolala, wala karibu na kisima au bustani.

Hatua ya 3: Paa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi huharibu.

Panda juu kwa ngazi, tembea juu ya mistari ya miamba, si katikati ya fito. Ng'oa majani na vichaka vyote kwa mizizi. Fagia. Sasa tazama mteremko: paa la tembe linaonekana bapa lakini lina mwelekeo mdogo wa kupeleka maji nje, na mahali fulani pana mdomo wa kuyatolea. Mwaga ndoo moja ya maji taratibu sehemu ya juu uone yanakokwenda. Yakituama, hapo ndipo patakapovuja.

Kosa la kwanza, na nimeliona kwenye nyumba tatu kijijini kwangu, ni kuongeza udongo kila mwaka bila kupunguza. Kila mwenye nyumba anaona ufa, anamwaga toroli tano. Baada ya miaka kumi paa limekuwa nene maradufu na miamba imepinda kama upinde. Kabla hujaongeza, chimba tundu dogo upime unene. Ukizidi sentimita 20, kwanza kwangua safu ya juu iliyogeuka vumbi, ishushe, ndipo uweke mpya kwa unene wa vidole viwili tu.

Kosa la pili ni udongo mweusi wa mbuga. Unanata vizuri mkononi, unadanganya. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia kidole. Tumia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe.

Kipimo halisi siwezi kukupa kwa sababu vichuguu havifanani. Fanya jaribio: tengeneza vitumbua vinne vya udongo, kila kimoja na mchanganyiko wake. Mimi nilianza na ndoo moja ya kichuguu kwa moja ya mchanga na robo ndoo ya samadi, kisha nikabadilisha mchanga tu. Vianike siku tatu au nne. Kinachopasuka kinahitaji mchanga zaidi. Kinachomomonyoka ukikisugua kinahitaji kichuguu zaidi. Kilichobaki kizima mimina kikombe cha maji juu yake. Kile ambacho maji yanateleza juu bila kukichimba ndicho chako.

Ukishaupata:

a) Loweka mchanganyiko siku tatu hadi tano, ukikanyagwa kila jioni. Watoto wa jirani wataifanya kazi hii kwa biskuti.

b) Nyunyizia paa maji kidogo ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Juu ya vumbi kavu hautashika.

c) Tandaza kuanzia sehemu ya juu ukirudi nyuma kuelekea mdomo wa maji, usijifungie kona.

d) Ukianza kukauka lakini bado una ubaridi, piga kwa ubao bapa. Rudia jioni na kesho asubuhi. Nyufa ndogo zitakazotokea ziba kwa uji wa mchanganyiko huo huo.

Kazi hii imalizike kabla ya katikati ya Novemba.

Watu huniuliza kuhusu kutandika nailoni chini ya udongo. Wapo wanaofanya. Mimi sikufanya, kwa sababu jasho la nyumba na moshi vinabaki chini yake, mti unalowa kimyakimya, na mchwa wakiingia hutawaona mpaka wamemaliza.

Ukiwa na fedha, njia ninayoipenda zaidi ni kibanda cha bati kinachosimama juu ya tembe kwa nguzo zake chenyewe, bila kugusa paa la udongo. Chini yake hewa inapita, nyumba inabaki na ubaridi wake, na unapata maji ya mvua. Bati lifungwe kwa waya mpaka kwenye nguzo zilizozikwa vizuri, kwa maana upepo wa Agosti hadi Oktoba huku haubembelezi.

Hatua ya 4: Kuta na sakafu

Jibu la swali la saruji: hapana. Ukuta wa udongo unalowa na kukauka, unavimba na kusinyaa. Saruji haifanyi hivyo. Maji yanayopanda kutoka chini yanakwama nyuma ya lipu, udongo unakuwa uji, na siku moja lipu inashuka vipande vipande na kuondoka na nusu ya ukuta. Siliba kwa udongo ule ule wa paa, ila ongeza nyasi zilizokatwakatwa urefu wa kidole. Safu ya kwanza nene ya kuziba mashimo, ya pili laini. Ukitaka weupe paka chokaa, ambayo hupumua.

Anayestahili mawe na saruji ni mguu wa ukuta kwa nje, sentimita 30 za chini, mahali matone yanaporukia. Panga mawe, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali.

Sakafu ya udongo isilibwe kwa samadi na udongo laini, bila kuacha ufa hata mmoja. Na sababu yake si urembo.

Hatua ya 5: Papasi, nge na nyoka

Kila mtu ananiuliza nyoka. Hakuna anayeniuliza papasi, na papasi ndiye niliyemwogopa zaidi.

Papasi ni kupe laini wa rangi ya udongo anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za nyumba za namna hii. Anatoka usiku, anafyonza muda mfupi, anarudi ufani kabla hujaamka. Anaweza kueneza homa ya papasi, ugonjwa unaojulikana vizuri katika hospitali za Dodoma. Naye anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, hata miaka, kwa hiyo tembe iliyokaa tupu tangu mwaka juzi haijawa salama.

Fanya hivi kabla ya usiku wa kwanza: ziba nyufa zote za sakafu na za kuta kwa chini, hasa kwenye kona. Kitanda kiwe cha miguu mirefu na kisiguse ukuta. Chandarua kiingizwe chini ya godoro pande zote, kisiburuze sakafuni. Usilale kwenye mkeka chini, hata kwa usiku mmoja wa "nitapanga kesho". Mwone afisa afya wa kata kuhusu dawa ya kupulizia.

Homa yake huja kwa nguvu, ikapoa yenyewe baada ya siku chache, ukadhani umepona, kisha ikarudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiionyeshi. Ukiugua, mwambie daktari waziwazi kwamba unalala kwenye tembe, achukue damu aitazame kwa darubini. Mjamzito na mtoto mchanga wasisubiri, kwao ugonjwa huu ni hatari zaidi.

Nge: kung'uta viatu na nguo kila asubuhi. Usitie mkono penye rundo la kuni au mawe bila glavu.

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Weka nafaka kwenye kihenge kilichoinuliwa au mifuko isiyopitisha hewa, nje ya chumba cha kulala, na fyeka mita chache kuzunguka nyumba. Usiku usitoke bila tochi na viatu. Akikuuma: usikate, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Tulia, funga kiungo kwa ubao kisitikisike, bodaboda mpaka hospitali. Kijana wa pikipiki na namba yake uwe nayo kabla ya siku hiyo. Swila akikutemea machoni, suuza kwa maji safi mengi muda mrefu, usisugue, kisha nenda hospitali.

Hatua ya 6: Maji

Hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano ni madumu matano kila siku, na simtanki la lita 1,000 litakupeleka siku kumi. Uliza kituo cha kuchotea kinafunguliwa saa ngapi, pampu ikiharibika watu huenda wapi, na nani ana punda wa kukodi. Swali la tatu ndilo litakalokuokoa Oktoba.

Maji ya visima virefu sehemu nyingi za Dodoma ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota ganda jeupe, na maharage yanachemka toka asubuhi hayaivi. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi wala floraidi. Maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza yanakolea. Kwa kunywa na kwa maharage, tumia ya mvua.

Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba kwa mvua ya milimita 550 linakupa lita 22,000. Toa moja ya tano ya kupotea, unabaki na 17,600 hivi. Mvua mbili za kwanza ziache zioshe vumbi na vinyesi vya ndege, usizikinge. Maji yanayotoka kwenye paa la udongo ni ya bustani tu.

Hatua ya 7: Choo na jiko

Upepo wa huku mara nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki. Choo kiwe magharibi mwa nyumba, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote. Udongo wa kichanga humomonyoka, jengea shimo kwa mawe au tofali sehemu ya juu angalau.

Jiko la kuni usilihamishie nje kabisa kwa haraka ya kutaka usafi. Moshi ndio uliokausha fito hizo miaka yote na kuwakera wadudu. Tembe inayohamwa huanza kuoza upesi, na wazee wa hapa wanasema wazi kwamba inakufa kwa kukosa moto. Mimi napika kwa gesi kibandani, lakini mara moja au mbili kwa wiki nawasha moto wa kuni kwenye jiko la zamani, mlango wazi, mtu yeyote asiwe ndani kuvuta ule moshi.

Hatua ya 8: Umeme

Kama nguzo ya umeme iko karibu, omba kuunganishwa, lakini tumia fundi aliyesajiliwa, nyaya zote zipite ndani ya bomba la plastiki juu ya ukuta. Zisipite ndani ya udongo wa paa: panya wanazitafuna, na paa likivuja unajua kitakachofuata.

Sola usiifunge juu ya paa. Simika mlingoti wake uani, paneli itazame kaskazini kwa mwinamo mdogo kama nyuzi 10, ili vumbi na mvua viteleze. Ipanguse kila baada ya siku chache wakati wa kiangazi.

Hatua ya 9: Ua

Baada ya mavuno, mifugo ya kijiji hutembea huru, na mche wako wa mwarobaini ni chakula cha mbuzi. Zungushia miiba kwanza, panda baadaye. Wengi hutumia minyaa kwa uzio. Ni mzuri, haufi, lakini utomvu wake mweupe unaweza kupofusha. Ukiukata vaa miwani, na watoto wasiucheze.

Ukifuga uani kama zamani, zoa samadi kila siku. Nzi wanaotua kwenye macho ya watoto hueneza trakoma, na mkoa huu umeifahamu kwa miaka mingi. Watoto wanawe uso.

Mahindi na karanga zikauke barabara kabla ya kuhifadhi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka yenye ukungu usimpe hata kuku.

Yakitokea haya

*Paa linavuja usiku wa mvua.* Usipande juu. Kila unyayo wako utakuwa dimbwi. Ukiwa ndani, pima umbali wa tone kutoka kuta mbili, andika. Mvua ikikatika siku mbili, panda, pima vile vile kwa juu, anza kutafuta ufa kuanzia hapo kuelekea upande wa juu wa mteremko. Maji hutembea kwenye fito kabla ya kudondoka.

*Vumbi linaanguka kwenye chakula na kitandani.* Kidogo ni kawaida. Tundika shuka au kitenge kama dari juu ya kitanda na meza, ukishushe kila mwezi, taratibu, maana nge hupenda kukaa humo. Vumbi likiongezeka ghafla mahali pamoja, rudi hatua ya 2 siku hiyo hiyo.

*Ukuta umepasuka.* Ufa mwembamba wa kulala au wa kutawanyika ni wa kukauka, siliba. Ufa unaopanda mpaka kwenye mwamba na unazidi kufunguka, weka alama za kalamu pande zote mbili na tarehe. Ukipanuka ndani ya wiki, nguzo iliyomo ndani ya ukuta imezama. Ongeza ya akiba.

*Mwamba umepinda.* Usijaribu kuunyanyua urudi ulivyokuwa, utavunjika. Uwekee nguzo katikati uishie hapo, halafu punguza udongo wa juu.

*Oktoba ndani hakulaliki.* Mchana tembe ni baridi kuliko bati, lakini usiku kuta zinarudisha joto. Funga madirisha mchana, fungua magharibi ikiingia. Wengi tunalala uani kwa chandarua, kwenye kitanda cha kamba.

*Simu haishiki mtandao ndani.* Udongo mnene hauupitishi vizuri. Kwangu inashika juu ya ngazi, na chini ya mbuyu ulio nyuma ya zizi la jirani, ambapo kila jioni utakuta nusu ya kitongoji wamesimama wakipiga simu. Uliza mbuyu wenu uko wapi.